Pindo la Kaniki

Kulthumu tulimwacha amesimama uwanjani kwa Bi Sikujua, kanga mpya mwilini, na kanga yenyewe imemwishia katikati ya muundi.

Aliyekosa gazeti lililopita asihangaike, nitamshika mkono tuingie pamoja. Huyu Kulthumu alifika Rumonge zamani zile za Wadachi, yaani Wajerumani, kabla ya vita, katika mtumbwi wa wachuuzi wa chumvi uliotoka Ujiji. Kule Ujiji alikuwa mtumwa, kazi yake kufua nguo za nyumba ya tajiri mmoja. Tajiri alipokufa, warithi wakaanza kugawana vyombo. Kulthumu akajiondoa kabla hajagawanywa.

Rumonge akasema yeye ni mtoto wa muuza nguo, muungwana, yatima. Watu wakaamini. Shafii, kijana wa biashara ya mawese, akampenda na kupeleka posa kwa Bi Sikujua, bibi msuka mikeka aliyempokea. Na huyo bibi ndiye peke yake aliyejua ukweli.

Ikabaki ngoma ya siku ya pili ya Idi.

Siku hiyo wanawake wa Rumonge walishindana na wanawake wa Gatete, kila kundi na sare yake, na ngoma iliishia ziwani, miguu ndani ya maji. Mwali aliyeposwa alicheza na mawifi zake. Mama mkwe akimridhia, alivua kanga yake ya begani akamfunika mbele ya watu. Asipomfunika, posa imekufa. Hakuna aliyeuliza sababu.

Basi Kulthumu alikuwa anangoja kufunikwa. Na nguo ya kungojea ilikuwa haimtoshi.

"Geuka," Bi Sikujua akamwambia.

Akageuka.

"Geuka tena. Mbele fupi, nyuma fupi. Labda tukutazame ubavuni."

"Bibi, usinicheke."

"Sikucheki wewe, mwanangu. Naicheka kanga. Imetoka Ulaya, imevuka bahari, imebebwa vichwani mwa watu mpaka Ujiji, njia yote hiyo haikuuliza kama Rumonge iko watu warefu."

Ilikuwa kanga ya madoa makubwa meupe juu ya wekundu, na ukingo mpana. Mtindo huo ulikuwa umetoka pwani, na pwani ikisema jambo, Ujiji husema ndiyo, na Rumonge hukimbia nyuma. Mwanamke aliyekuwa hana doti ile alipita njia za nyuma ya nyumba.

"Amahoro humu ndani," sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa Mariyamu, dada mkubwa wa Shafii, kiongozi wa ngoma ya Rumonge. Doti zote ni yeye aliyeziagiza, na alitembea kama aliyezisuka kwa mikono yake.

Akamtazama Kulthumu kutoka kichwani, akashuka, akafika pale nguo ilipoishia. Akaendelea kushuka.

"Wifi," akasema, "hiyo miguu bado inaendelea?"

"Nguo ni fupi, dada."

"Nguo haiko fupi. Wanawake wote imewafika. Ni wewe umekua kama korongo. Ishushe kidogo."

"Nikiishusha, kifua kitabaki nje."

"Basi ucheze umeinama."

Bi Sikujua akakohoa ili asicheke. Mariyamu hakucheka. "Mimi nakwambia kwa uzuri. Sare ni sare. Mama atakutazama wewe kuliko wote. Ukisimama pale kama mutoto aliyevaa nguo ya mwaka jana, usinililie."

Akaenda zake.

Kulthumu akaivuta kanga chini, ikapanda nyuma. Akaivuta nyuma, ikapanda mbele. Tangu asubuhi alikuwa hivyo, hatulii, anakaa, anasimama, anachungulia katika beseni la maji, anageuka. Na si ufupi peke yake. Ndani ya lile beseni aliona wekundu na madoa, lakini yeye mwenyewe hakujiona.

"Bibi, sijaivaa mimi. Ni yenyewe imenivaa."

"Utaizoea."

"Na kama sitaizoea?"

"Utaolewa hivyo hivyo."

Jibu hilo halikumtuliza. Akaingia ndani, akainua mkeka, akatoa kaniki yake.

Kaniki mnaijua, ile nguo nyeusi inayoelekea bluu, nguo ya shamba na ya jikoni. Siku zile waungwana hawakuigusa. Walisema ni nguo ya watumwa, basi. Kulthumu alikuja nayo kutoka Ujiji, na kabla yake ilikuwa ya mama yake. Ilikuwa imefuliwa mpaka imekuwa laini kama sikio la mbuzi. Rangi yake ilikuwa ya ziwa pale mvua inapokuja kutoka upande wa Kongo.

Alitaka kuivaa tu kidogo, mwili upumzike.

Lakini alipoiweka karibu na kanga mpya, mkono wake ukasimama. Wekundu ule uliokuwa unapiga kelele ukatulia. Yale madoa yakawa madoa, si macho ya watu.

Akachukua kisu. Akakata kipande cha upana wa kiganja, akakishona chini ya kanga, kuzunguka pindo lote. Kingine chembamba akakishona juu, pale inapofungwa. Akavaa.

Nguo ikamfika kwenye kifundo cha mguu. Ikaanguka vizuri, nzito chini, haipandi wala haishuki. Alitembea uwanja mzima, akarudi, ndipo akagundua kwamba mikono yake haikuvuta kitu.

Bi Sikujua akaweka chini ukindu wake.

"Umefanya nini wewe?"

"Nimeirefusha."

"Umechukua siri yako ukaishona mahali kila mutu ataiona."

"Bibi, nikivaa kama wao vilevile, naonekana mwizi wa nguo. Hivi naonekana mimi."

"Hapo ndipo ninapoogopa mimi," bibi akasema. "Kuonekana wewe."

Kulthumu akachukua mtungi, akaenda ziwani.

Ufukweni kulikuwa na watu. Ndagala zilikuwa zimetandazwa mchangani, zinang'aa, na wanawake wa Gatete walikuwa wamekuja kununua. Alipopita, maneno yakakatika. Mmoja akamgusa mwenzake. Mwingine akainuka kabisa, mkono umejaa ndagala.

Aliyeinuka alikuwa Fatuma, kiongozi wa ngoma ya Gatete, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

"Dada mrefu, simama kidogo. Huo mtindo ni wa wapi?"

Kulthumu hajajibu, Mariyamu akatokea nyuma ya mitumbwi. Akaliona lile pindo. Uso wake ukabadilika, na Kulthumu akajua posa imefika mwisho wake, hapo hapo kati ya samaki.

"Kaniki," Mariyamu akasema polepole. "Umetia kaniki katika sare yangu?"

"Mimi ningetoa mbuzi kuipata," Fatuma akasema. "Tazama inavyoanguka. Yenu nyingine zinaonekana kama vitambaa vya meza."

Mariyamu akamtazama Fatuma. Akaona wivu, tena wivu wa kweli. Akameza mate.

"Ni mtindo wa Unguja," akasema. "Umefika juzi tu. Nilimtuma wifi aujaribu kwanza. Kundi letu lote tutavaa hivyo."

"Unguja?"

"Unguja. Gatete hamuwezi kuujua, kwenu habari zinafika na konokono."

Fatuma akaondoka na ndagala zake, amenuna. Mariyamu akamshika Kulthumu mkono, akamvuta pembeni.

"Wifi, umeniponza au umeniokoa, sijui bado. Kaniki ni nguo ya watumwa, hilo tunajua. Lakini hapo chini, kidogo hivyo, ni kama wanja kwenye jicho. Leo wote tunashona."

Kulthumu akacheka, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka na Mariyamu. Akapanda na mtungi wake kichwani, mwepesi. Angejua kilichokuwa mbele, angeuangusha mtungi ule mguuni mwake pale pale, akauguza mguu, asitoke nyumbani mpaka Idi ipite.

Mchana huo duka la Muhindi halikubaki na kaniki hata ya kufungia jeraha. Wanawake wakaibeba mpaka kibarazani kwa Bi Mwasiti, mama wa Mariyamu na Shafii, wakakaa kwenye mikeka, wakaanza kukata. Kaniki mpya tupu. Ilikuwa ngumu ya wanga, inang'aa, inanuka dukani, na vidole vya waliokata vilikuwa vimeanza kupata weusi.

Kulthumu akasimama mlangoni, sindano mkononi. Roho ikamruka.

Maana kaniki mpya haivaliwi hivyo. Mtu aliyewahi kuifua anajua. Hulowekwa katika maji ya chumvi ya Uvinza, huanikwa kivulini, hurudishwa majini, hupigwa, huanikwa tena, mpaka siku maji yatoke safi. Kabla ya hapo haiwekwi jirani na nguo yoyote, sembuse kushonwa nayo. Ikipata maji inatoa kila ilichonacho.

Na ngoma inaishia ziwani.

Waungwana wale hawakujua. Wangejulia wapi? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuivaa, na aliyewahi kuifua hakukaa kwenye ule mkeka.

Isipokuwa mmoja.

"Dada Mariyamu," akaanza, "nimesikia kwamba kaniki ikiwa mpya hutoa rangi."

"Umesikia kwa nani?"

Sindano zote zikasimama. Labda hazikusimama, labda ni yeye aliyeziona hivyo. Lakini swali lilikuwa limesimama hapo katikati, linangoja kiti.

"Kwa watu tu," akasema.

"Watu gani wanazungumza na wewe habari za kaniki?"

Mwanamke mmoja akacheka. Katika pembe ya baraza Bi Mwasiti alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua kichwa, ila ungo wake ulinyamaza.

"Wapita njia," Kulthumu akasema. "Sikumbuki."

"Basi wapita njia wapite. Ya kwako ilitoa rangi?"

"Hapana."

"Iko mbele yetu, nzuri, safi. Unataka uvae peke yako? Sema tu kama unataka uvae peke yako."

"Si hivyo, dada. Nilifikiri labda tucheze mchangani. Tusiingie majini mwaka huu."

Hapo wakacheka wote. Ngoma isiyoingia majini? Gatete wangesema Rumonge wameogopa ziwa. Kulthumu akakaa, akashona. Akawasaidia kushona, wasomaji wangu, kila pindo kwa mkono mzuri, na kila alipokata uzi kwa meno alitaka kusema, na kila alipotaka kusema alimwona Bi Mwasiti akivua ile kanga ya begani na kumfunika. Neno likarudi tumboni.

Wadachi walikuwa wamesema mtoto anayezaliwa siku zile hana bwana. Vizuri. Lakini Kulthumu alizaliwa kabla, na midomo ya watu haiulizi boma.

Siku ya pili ya Idi jua lilitoka kali. Gatete walikuja wengi, wamevaa sare yao, nayo ya madoa, bila pindo. Rumonge walipotokea kati ya michikichi, pindo jeusi likizunguka miguu yote kwa pamoja, linakwenda na kurudi kama mkia wa samaki mmoja, watu walisahau kupiga vigelegele. Halafu wakavipiga mpaka ndege wakahama.

Kulthumu alikuwa mbele. Alicheza vizuri. Mwili ulicheza, macho yalikuwa kwenye maji.

Wakacheza mchangani. Wakasogea. Fatuma akaimba, Mariyamu akamjibu, ngoma ikapanda, na Mariyamu akanyanyua mkono wa kuwaingiza ziwani.

Miguu ikaingia. Wimbi dogo likaja, likalowesha mapindo, likarudi.

Lilirudi na rangi.

Mwanzo ilikuwa kama moshi ndani ya maji. Kisha wino. Kisha wanawake wakaanza kutazama miguu yao, na miguu ilikuwa ya bluu. Weusi ukapanda kwenye kanga, ukanyonya, doa jeupe la kwanza likafa, la pili likafa. Aliyejifuta akajipaka mkononi. Aliyejifuta uso akawa hatazamiki.

Ngoma ya Rumonge ikakatika. Ya Gatete haikukatika. Fatuma alikuwa na kipaji, akaupata wimbo hapo hapo:

*Waungwana wa Rumonge, nguo wamevaa nje,*
*kaniki imeona haya, imewaingia ngozini.*

Wenzake wakampokea. Mpaka wauza ndagala wakaimba.

Mariyamu akatoka majini, uso umekunjamana, amebeba pindo mikononi kama kitu kilichokufa. Akamwendea Kulthumu. Hakupiga kelele. Akainama, akashika pindo la Kulthumu, akalikamua mbele ya watu wote.

Maji yakatoka safi.

"Ya kwako mbona haitoi?"

Kulthumu akayatazama yale maji.

"Wote tumechafuka. Wewe peke yako uko safi kama aliyetoka msikitini. Kaniki moja, uzi mmoja, ziwa moja. Mbona?"

"Yangu ilikuwa ya zamani, dada."

"Ya zamani ya nani? Mtoto wa muuza nguo anaweka kaniki ya zamani ya nini?" Mariyamu akasogea. "Na jana ulijua. Ulisema itatoa rangi. Nani alikufundisha kufua kaniki, Kulthumu?"

Hakumwita wifi. Kila mtu aliisikia ile wifi ambayo haikusemwa. Wimbo wa Gatete ukapungua, maana hapa palikuwa na kitu kitamu zaidi.

Kulthumu akamtafuta Bi Sikujua kwa macho. Bibi alikuwa nyuma ya watu, ameshika tama.

"Nakuuliza wewe. Nani alikufundisha?"

"Mimi," sauti ikasema.

Bi Mwasiti alikuwa ameinuka kwenye kigoda chake. Mwanamke mdogo wa mwili, asiyesema sana, na akisema haulizwi.

"Mimi ndiye niliyemfundisha. Alikuja kwangu kuuliza, nikamwambia aifue kwanza. Nyinyi hamkuniuliza. Mlikuwa mnashona mtindo wa Unguja."

Fatuma hakuweza kuvumilia. "Na wewe, mama yetu, mambo ya kaniki uliyajulia wapi?"

"Mutu mwenye watumwa na hajui kazi yao," Bi Mwasiti akasema, "ataibiwa mpaka sabuni. Au kwenu Gatete hamkuwa nao?"

Watu wakaangua kicheko, na safari hii kilimwangukia Fatuma. Uzito ukaondoka kifuani mwa Kulthumu, akapumua. Ameokoka. Mama mkwe mwenyewe amemkinga. Akasogea mbele kidogo, akainamisha kichwa, akangoja kanga ije mabegani.

Bi Mwasiti akampita.

"Kusanyeni hizo nguo," akawaambia wanawake. "Zije kwangu. Kulthumu atanisaidia."

Kanga ikabaki begani mwake mwenyewe. Kila mtu aliona.

Uwanja wa Bi Mwasiti ulikuwa na ukuta wa matete, na siku hiyo akafunga mlango. Ndani walikuwa wawili tu, na lundo la kanga, na mabeseni. Mariyamu alirudishwa mlangoni. "Nenda kaoge, unatisha watoto."

Kulthumu akamwaga maji. Bi Mwasiti akatia chumvi, akachovya kidole, akakionja kwa ncha ya ulimi. Akaongeza kidogo. Akaonja tena.

Kulthumu akaacha kumwaga.

Mtu mwenye watumwa huagiza, hasogelei beseni. Kuionja chumvi vile, kwa ncha ya ulimi, uso umegeuzwa pembeni ili mvuke wa rangi usiingie machoni, hakuna mtu anayejifunza kwa kutazama. Kunajulikana na yule aliyechapwa kwa kuikosea.

Bi Mwasiti akaishika kanga ya kwanza. Hakuisokota. Aliikandamiza kwa chini ya kiganja, akaikunja, akaikandamiza tena. Mikono ilikwenda yenyewe.

"Usinitazame," akasema. "Fanya kazi."

"Mama."

"Jana uliufungua mdomo ukaufunga. Nilikuona. Nikasema, huyu naye anajua, na haogopi kitu kingine isipokuwa kile ninachoogopa mimi. Nilikuwa nangoja useme. Na wewe labda ulikuwa unangoja mimi."

"Ulijua itatoa rangi?"

"Kama ulivyojua."

"Na ukawaacha."

"Kama ulivyowaacha." Akakandamiza nguo. "Mimi nilitolewa Manyema nimebebwa mugongoni. Sikumbuki hata jina la kwetu. Baba wa wanangu alijua, amekufa nalo. Mariyamu hajui. Shafii hajui. Wanajisifu uungwana kwa watu, na mimi napepeta maharage."

Kulthumu alihisi machozi yanakuja, lakini yalikuwa ya furaha. Alifikiri amepata mama. Akanyoosha mkono uliolowa, akaushika mkono wa yule mama ndani ya maji.

Bi Mwasiti akautoa wake, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba.

"Hutaolewa hapa," akasema.

"Unasema nini?"

"Leo wameniamini kwa sababu ni mara ya kwanza. Mariyamu ana pua. Ataanza kukuchimba wewe, na jembe litanifika mimi. Nyumba moja haifichi wawili."

"Mimi sitasema neno."

"Hukusema neno jana pia. Tazama." Akaonyesha lundo la kanga kwa kidevu. "Kuna mtumbwi wa ndagala unakwenda mji wa Nyanza, kusini huko, utapanda huo. Shafii yuko njiani, anatoka Kizuka. Akifika, utamwambia wewe mwenyewe kwamba humtaki. Sababu usiseme. Ukisema yako, utakuwa umesema na yangu, kwa sababu nimesimama mbele ya Rumonge yote nikasema ni mimi niliyekufundisha."

Kulthumu akakaa chini, juu ya udongo uliolowa.

"Mama, ulipofika kwa baba yao, hukumkuta mtu aliyejua? Mtu wa kukwambia uende?"

Mikono ya Bi Mwasiti ikasimama ndani ya beseni.

"Nilimkuta. Mama yake."

"Ukaenda?"

Nje mtu alipita anaimba ule wimbo wa Fatuma.

"Suuza hiyo," Bi Mwasiti akasema.

Kulthumu hakuisuuza. Alikuwa anatazama mlango wa matete, ambao sasa mtu alikuwa anausukuma, kwanza kwa adabu, kisha kwa bega.

Shafii akaingia, ananuka mawese, vumbi mpaka kwenye nyusi, anacheka.

"Nimesikia kuanzia njiani kwamba Rumonge yote iko miguu ya bluu. Mama, nionyeshe yako." Akamwona Kulthumu chini. Kicheko kikapungua. "Na wewe mbona umekaa matopeni? Wamekufunika? Nimekimbia nusu ya njia niwahi kuona."

Bi Mwasiti akainuka, akakusanya kanga moja mikononi.

"Mwanangu, Kulthumu ana neno la kukwambia. Mimi natoka niwapishe."

"Neno gani?"

"Atasema mwenyewe."

Akaanza kwenda. Kulthumu akamwona anakwenda, mgongo umenyooka, mgongo wa muungwana aliyezaliwa hivyo. Akaona na mtumbwi wa Nyanza, na mji mwingine, na uongo mwingine wa kuuanza upya na kuukariri kila asubuhi. Akainuka. Nguo yake ikaanguka mpaka kwenye vifundo vya miguu, nayo haikuhitaji kuvutwa.

"Ninalo neno, ndiyo," akasema. "Kaa, Shafii. Na mama naye asitoke. Akae hapa, tukae wote."

Bi Mwasiti akasimama, maji ya rangi yakimtiririka kwenye viwiko. Akageuka. Akatazama kigoda, akatazama mkeka, akatazama ukingo wa baraza alikokaa miaka yote, na katika nyumba yake mwenyewe akakosa mahali pa kukaa.